Wivu Kwenye Usukani

Nimeendesha gari miaka ishirini na sita kati ya Butembo, Beni na ziwa, na barabara hizo ninazijua kama ninavyojua meno yangu, yaliyobaki na yaliyong'oka. Ndiyo maana vijana wa pikipiki, na wale wanaotoka kupata permi ya kuendesha, wakinikuta nimekaa mbele ya nyumba yangu hapa Kimemi, Butembo, huniambia, "Muzee, tupatie siri ya kazi." Siri ya kuteremka mlima nitawapa. Ya matope nitawapa pia. Ila kwanza mjue mashauri haya yanatoka kwa mtu gani. Mimi nilikuwa dereva mwenye wivu. Nilimwonea wivu mwenzangu mmoja, mwanamke, mdogo wangu kwa miaka mingi, na wivu ule ukashuka mpaka kwenye mguu wa kuume, ule wa kukanyaga mafuta.

Ninaandika Kiswahili nilichofundishwa shuleni. Lakini watu nitawaacha waseme kama tunavyosema huku kwetu.

Kazi nilifundishwa na Muzee Paluku. Alikuwa dereva wa kwanza wa biro yetu ya afya, biro ya kanisa, iliyopeleka dawa na wauguzi kwenye vituo vya vijijini. Alikuwa mfupi sana, akakalia mto ili aone mbele. Miezi mitatu ya kwanza hakunigusisha usukani. Alinikalisha pembeni, akawa ananiuliza maswali.

"Ile matope ya mwekundu, itateleza saa gani?"

"Wakati mvua iko mingi, Muzee."

"Hapana! Mvua ikiwa kidogo. Maji kidogo inaifanya kama sabuni. Ikilowana sana, tairi inazama inashika chini."

Akaniuliza tena, "Ule mama mwenye muzigo mbele yetu, anatusikia?"

Mnawajua mama zetu. Mzigo wa kuni au wa mihogo unakaa mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, na mama ameinama anatazama vidole vya miguu yake. Nikajibu kwamba anatusikia, gari lina kelele.

"Hata akisikia," Paluku akasema, "shingo yake imefungwa. Hawezi kugeuka. Basi ni weye utageuka, umuepuke."

Barabara ya kuteremkia ziwani alinifundisha kuishuka na vitesi ya pili, yaani gia ya pili, mguu ukiwa mbali na freni ya kusimamisha gari, mashine yenyewe ilizuie gari. Freni ikikanyagwa mlima mzima inapata moto, na ikishapata moto unakuwa kama mtu anayekanyaga ndizi iliyoiva. Hilo mlishike. Nimewaona wenye magari mazuri kuliko yetu wakilijua siku waliyokwisha kuwa chini ya bonde.

Mwezi wa kwanza wa kupewa usukani niliua mbuzi, karibu na Maboya. Aliruka kutoka kwenye majani, nami nilikuwa nimekazana kulipita lori. Nilitaka kuendelea. Paluku akavuta freni ya mkono.

"Shuka. Umubebe."

"Muzee, ni mbuzi tu."

"Njo umubebe. Si ni mbuzi tu?"

Nikambeba mabegani, damu inanitiririka kwenye shati jeupe la kazi, nikapita katikati ya soko nikiuliza mbuzi huyu ni wa nani. Watu wakacheka, halafu wakanifuata. Mwenyewe alikuwa shemasi mmoja mzee. Hakunipigia kelele. Alitukalisha, akaamuru mbuzi achunwe, akapikwa, na tukalazimika kungoja mpaka akaiva, tukala naye. Mimi nilimega kidogo kidogo. Paluku alikula vizuri, akaomba na mchuzi. Tulipofika garini alisema neno moja tu:

"Leo ilikuwa mbuzi."

Ningekumbuka neno lile miaka yote, nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia. Lakini Paluku alikwenda pensheni, nami nikabaki mkubwa wa madereva, na mkubwa hana wa kumvutia freni. Nikaanza kusifiwa. Wauguzi waliniita Mupepo, yaani upepo. Ikisemwa kuna damu ya kupelekwa Beni upesi, watu wote waliniangalia mimi. Nikazoea kuangaliwa. Nilipita Kabasha nikiwa na mkono mmoja dirishani, saa yangu ya rangi ya dhahabu inang'aa juani, kuku wanatawanyika, na nilidhani wauguzi wanaofumba macho nyuma yangu wamechoka na kazi.

Halafu ukaja mwaka wa kisanduku.

Wafadhili walituletea jeep mbili mpya, na katika kila gari la biro, jipya na la zamani, wakafunga kisanduku cheusi chini ya usukani na kamera ndogo kwenye kioo, inayotazama barabara. Kisanduku kilijua uko wapi na unakwenda mwendo gani. Ndani ya kijiji thelathini, nje ya kijiji sitini. Ukipita hapo kinapiga filimbi, na kamera inaweka picha. Mkuu wetu wa magari, Chef Dieudonné, aliyetumwa kwetu kutoka Kinshasa, alikuwa anabandika karatasi ukutani kila Jumatatu: majina ya madereva, na mbele ya jina alama nyekundu kwa kila filimbi.

Jumatatu ya kwanza jina langu lilikuwa kama mtoto mwenye surua.

"Vieux Kambale," Chef akasema, akiniita mzee kwa Kifaransa, "ulikuwa unapeleka gari ao unapiga muziki?"

Wote wakacheka. Nilicheka pia. Nilijitetea kwamba kuna sehemu upande wa Beni ambako hakuna mtu mwenye akili anayekwenda polepole, kwa sababu ya wenye bunduki, mnawajua. Chef alikuwa mtu wa haki. Sehemu zile alizitoa kwenye hesabu. Alama zangu zikapungua kidogo tu. Nyingine zote zilikuwa za vijijini na sokoni.

Kwenye karatasi ile kulikuwa na jina moja lisilo na alama hata moja. Masika.

Masika alikuwa ameingia kazini miezi michache tu kabla ya hapo. Kwao ni Beni, mtaa wa Ruwenzori. Baba yake alikuwa na lori la Fuso la kubeba samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, na alipoumwa mgongo, binti ndiye aliyeliendesha, miaka saba, mlima ule ule wa ziwani, na mzigo wa samaki unaonuka kama ukichelewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono mikubwa, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Nilipomwona siku ya kwanza nilimwonyesha jinsi ya kuingiza vitesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aksanti, Papa." Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliendesha Fuso isiyo na vitesi ya tatu mwaka mzima.

Jumatatu ya pili, hana alama. Ya tatu, hana. Nikaanza kufika biro mapema ili nisome karatasi kabla ya wengine, na sikuwa nasoma jina langu. Nilisoma lake. Nilikuwa natafuta nukta moja, hata ya kalamu iliyovuja.

Jeep moja mpya alipewa daktari. Ya pili wote tulijua ni ya dereva mkubwa. Chef akampa Masika.

Wakati ule polisi wa barabarani nao walijaribu kamera yao ya mwendo, ile ya miguu mitatu, wakaisimamisha kando ya njia ya kuingia Beni. Wamama waliokuwa wakiuza parachichi hapo walidhani ni mpiga picha. Wakafunga vitambaa upya, wakapanga watoto mbele, wakasimama mstari wakitabasamu. Yule polisi alikuwa anapiga kelele, "Mutoke! Hapana foto! Ni ya magari!" Na mama mmoja akamjibu, "Na siye tulikuya na miguu, haituone?" Magari yote yalipunguza mwendo kuja kutazama mchezo ule.

Mimi nilikuwa nimekwisha kupashwa habari. Madereva wa kutoka mbele walinimulikia taa, nikapita mbele ya kamera kama shemasi anayepitisha sahani ya sadaka, na nilipoiacha nyuma nikakanyaga. Jioni nilimwuliza Masika kama aliiona kamera ya Beni.

"Kamera gani, Papa?"

Alikuwa amepita pale mara mbili. Hakupunguza mwendo, maana hakuwa na wa kupunguza. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba yule binti ana majivuno.

Lakini lililoniuma kuliko yote lilikuwa la Mama Kahindo. Huyu alikuwa muuguzi wa chanjo. Tulisafiri pamoja miaka kumi na moja. Nilimbeba akiwa na mimba, nilimbeba akiwa na malaria. Asubuhi moja nilimwona anapanga masanduku yake ya barafu kwenye gari la Masika.

"Mama Kahindo, leo umepotea gari?"

Alitazama chini. "Sikupotea, Papa Kambale. Niliomba Chef. Usikasirike. Mu gari ya Masika ninalalaka."

"Na kwangu?"

"Kwako ninaombaka Mungu."

Alisema kwa upole, bila kutaka kuniumiza. Siku ile niliendesha peke yangu mpaka Kyondo na kurudi, na kila nilipotazama kiti cha pembeni damu ilinichemka. Vijana, dereva akiwa na hasira, asimame anywe chai. Matope unayaona kwa macho. Hasira huioni, unadhani ni gari ndilo lina nguvu leo.

Sasa nawaambia siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, na magari yetu mawili yalikuwa Kyavinyonge, la kwangu la zamani na lile jipya la Masika. Tulikuwa tumepeleka vyandarua kwenye kituo cha afya, na wauguzi walibaki huko kwa kazi ya wiki nzima. Kabla ya kuondoka niliona gari langu limelala upande mmoja. Lame mbili za nyuma, zile bapa za chuma zinazobeba uzito wa gari, zilikuwa zimevunjika. Masika akaingia chini ya gari na nguo yake safi, akatoka na grisi mpaka kwenye kiwiko.

"Papa, hii haiwezi kupanda mulima. Lakini iko fundi hapa ku soko ya samaki, ananijua. Tutaikata ingine tuiweke. Ni kazi ya saa mbili ao tatu."

"Nitangoja."

"Hapana. Weye uko na mukutano ya kanisa nyuma ya saa sita ya muchana, si ulisema? Kamata gari ya miye. Miye nitabakia na fundi, kazi ya malame ninaijua."

Akanipa ufunguo, akafuta kwanza grisi kwenye kitambaa chake. Halafu akaniita nikiwa nimekwisha kuwasha.

"Papa, leo ni siku ya soko kule juu. Pale, vitesi ya pili, tafazali."

Kama asingesema neno lile! Nilimfundisha kuingiza vitesi, sasa ananifundisha soko. Niliondoka bila kumjibu.

Gari lile lilikuwa tamu. Ninyi mmezoea magari mapya, hamwezi kujua. Usukani ulifuata kidole. Mlima niliokuwa nikiupanda miaka yote kwa kulia na kuomba, lilipanda kama linakwenda kunywa maji. Kwenye kiti kulikuwa na harufu ya sabuni. Alikuwa ameshona kifuniko cha kiti kwa kitenge. Hata kile kifuniko nilikionea wivu. Nilijiuliza kwa nini mimi, miaka yote ile, sikufikiria kuweka kitambaa kwenye kiti.

Juu ya mlima barabara inanyooka, kisha kuna kijiji cha soko. Kijiji hicho sitakitaja. Kisanduku kikapiga filimbi ya kwanza nilipovuka sitini. Kwa mazoea nikainua mguu.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Kisanduku hakijui mtu. Kinajua gari. Filimbi hii haitaandikwa mbele ya jina Kambale.

Nikaurudisha mguu.

Nataka mnielewe vizuri, maana baadaye watu walinitafutia visingizio, kwamba nilichelewa mkutano, kwamba sikuzoea gari. Nilikanyaga kwa kusudi. Nilitaka Jumatatu kuwe na nyekundu mbele ya jina la Masika. Niliingia kijijini na filimbi inalia mfululizo, mkono mmoja dirishani, na nilifurahi. Namba iliyokuwa inawaka kwenye kisanduku ilikuwa sabini na moja. Wakati ule soko lilikuwa linatawanyika, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, na mbele yangu kulikuwa na kikongwe mwenye mzigo wa maharagwe, kamba kwenye paji la uso, ameinama, anatembea ukingoni, upande wa dirisha langu.

Nilipiga honi. Hakugeuka, shingo yake ilikuwa imefungwa. Aliruka tu, kama mtu anayerukia gizani, akaanguka kwenye mfereji na mzigo juu yake. Sikumgusa. Nilikata usukani, gari likayumba, likanyooka. Kwenye kioo nilimwona mguu mmoja uko juu, halafu vumbi langu likamfunika.

Sikusimama. Nilijiambia ameanguka tu, sikumgonga, wenzake wako hapo. Nilijiambia hivyo mpaka Butembo. Mlinzi wa getini siku ile alikuwa wa muda, hakutujua kwa majina. Niliegesha gari mahali pake, nikaenda kwenye mkutano wa kanisa, nikaombwa nifungue kikao, nami nikakifungua kwa maombi.

Jumatatu karatasi ilikuwa ukutani. Mbele ya jina la Masika kulikuwa na alama tisa. Chef alituita madereva wote, na Mama Kahindo alikuwapo pia, kwa kuwa alikuja kuomba gari. Chef akafungua kompyuta, akatuonyesha picha: barabara, soko, mgongo wa yule kikongwe, kuruka kwake.

"Masika," Chef akasema. "Elezea."

"Haiko miye, chef. Ile siku nilimupatia Papa Kambale gari yangu. Ya kwake ilivunjika lame."

Chef akanigeukia. "Vieux?"

Nilikuwa na nafasi. Nikawatazama wote wananitazama mimi, mkubwa wao, mzee wa kanisa, na nikasikia sauti yangu inasema:

"Hapana. Miye nilirudia na yangu."

Masika alinitazama kama dereva anayetazama daraja lililokatika, anafikiria atapita wapi. Hakubishana tena. Kisanduku cha gari langu la zamani kilikuwa kimekufa wiki ile, hakikuwa na cha kunisuta, na Chef aliniamini mimi. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Masika akatolewa kwenye usukani, akapelekwa depo kupanga dawa. Ufunguo wa gari jipya ukawekwa mkononi mwangu.

Mnadhani wivu ulikwisha? Nilikuwa na gari lake, kiti chake, kitenge chake. Lakini nikipita mbele ya depo nilimwona amepanga masanduku kwa mistari, ameandika majina ya dawa kwenye vibao, na wauguzi wamesimama mlangoni wanaongea naye, hata wasio na haja ya dawa. Nilianza kuionea wivu depo.

Baada ya wiki mbili kazi ilinirudisha barabara ile. Nilikuwa nimeepuka safari za ziwani nikisingizia kiuno, safari hii sikuwa na kisingizio. Niliingia kijijini na vitesi ya pili, ishirini kwa saa. Na watu wakakimbia. Wamama waliwavuta watoto kwa mikono, muuza nyanya mmoja akasimama mbele ya meza yake kama anailinda. Nikashusha kioo.

"Mama, juu ya nini munakimbia? Niko naenda polepole."

"Ndiyo ile gari," akasema, si kwangu, kwa mwenzake. "Ndiyo ile iliangusha Koko Kavugho."

Niliegesha. Miguu yenyewe iliuliza njia. Koko, yaani bibi, Kavugho, yule kikongwe, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mkono wa kushoto umefungwa na vijiti na kitambaa. Nilimsalimia, nikasema ninatoka biro ya afya, nimekuja kumwangalia. Nilikuwa nimetia mkono wenye saa mfukoni.

"Weye ni wa pili kunifikia," akasema. "Ule binti wa kwenu alikuya wiki iliyopita, na pikipiki, na mvua. Alinileteya sabuni na samaki."

"Masika?"

"Masika. Aliniuliza: Koko, ni miye uliona mu gari? Nikamuambia, binti, sikuona uso, nilikuwa nimeinama. Lakini wakati nilianguka niliona mukono ku dirisha, na saa ya kung'aa. Mukono ya mwanaume. Jumatatu nitashuka naye ku biro, niseme."

Nilisimama pale, na ninaona haya kuwaandikia nilichohisi. Huruma ilikuja baadaye. Kwanza ulikuja wivu. Hata kwenye mfereji nilikomwangusha mtu mimi mwenyewe, Masika alikuwa amenitangulia kufika.

Nilimwambia Koko pole, nikaondoka na mkono wangu mfukoni.

Ilikuwa Ijumaa. Jumapili kanisani nilikaa viti vitatu nyuma ya Masika nikimsikia anaimba sauti ya pili, hakosei. Sikumsemesha. Ila niliamua: Jumatatu nitakwenda kwa Chef saa moja kamili, kabla hawajafika kutoka kule milimani. Siwezi kuwadanganya kwamba ilikuwa toba tupu. Nilijua nimebanwa, na kama ukweli lazima ufike, nilitaka nifike nao mimi.

Saa moja kamili nilisukuma mlango wa biro. Walikuwa ndani. Koko Kavugho alikuwa amekalia benchi, anakunywa chai. Masika alikuwa amemchukua tangu Jumamosi akamlaza kwake. Chef alikuwa amesimama dirishani.

Koko alinitazama usoni, halafu mkononi. Safari hii sikuuficha.

"Chef," nikasema, "ni miye."

"Tunajua, vieux. Koko ametuambia."

"Hapana, hajakuambia yote. Hawezi kujua. Nilikanyaga na kusudi. Nilijua kisanduku itaandika jina ya Masika. Nilitaka iandike."

Masika ndiye aliyeinuka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Ungeua Koko juu ya karatasi? Karatasi ya ku ukuta, Papa? Ungeniambia, ningeitoa! Ningekupatia gari, ningekupatia yote!" Alikuwa analia kwa hasira, na akafuta uso kwa ile mikono yake mikubwa. "Nilikuwa nakuita Papa."

Koko Kavugho aliweka kikombe chini.

"Uliniona nikianguka?"

"Nilikuona mu kioo, Koko."

"Na ukaenda."

"Nikaenda."

Alitikisa kichwa polepole, akautazama mkono wake uliofungwa. "Mvua imeanza. Maharagwe inataka kulimiwa. Hii mukono hailimi." Akanielekeza kidole cha mkono mzima. "Weye utanilimia."

Chef alinitoa kwenye usukani siku ile ile, akanipeleka depo mpaka pensheni yangu, na Masika akarudishiwa ufunguo. Kanisa nalo likanivua uzee. Hayo yote yalikuwa haki. Lakini hukumu iliyonifundisha kazi ilikuwa ya Koko. Kila Jumamosi, msimu mzima, nilipanda kwenye pikipiki ya mtu mpaka kijiji kile, nikashika jembe. Shamba lake liko kando ya barabara, chini kidogo yake, hivi kwamba ukiinama kulima, magurudumu yanapita usawa wa masikio yako.

Vijana, nimeshika usukani miaka ishirini na sita na sikujua sitini ni nini mpaka nilipoisikia nikiwa nimeinama. Ukiwa garini sitini ni upepo mzuri. Ukiwa shambani ni ardhi inayotetemeka chini ya miguu, ni changarawe inayokupiga mgongoni, ni vumbi ambalo baada yake huoni jembe lako kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Gari la pili likifuata lile la kwanza katika vumbi lile, dereva wake haoni kitu, na wewe huna pa kwenda. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya vumbi la mwenzako, simama. Likae chini kwanza. Na ukimwona mtu ameinama ukingoni, honi haimsaidii, inamtisha tu. Shusha vitesi, mpe barabara, mpite kama unavyompita mtu aliyelala. Kamera haiko kila mahali. Mashamba yako kila mahali.

Koko alikuwa anakaa juu ya jiwe ananisimamia. Alinisuta mistari ikipinda. Wiki ya nne aliniletea viazi vitamu, bila kusema neno, akaviweka juu ya majani.

Jumamosi moja, karibu na mavuno, nilisikia mashine ninayoijua inakuja kutoka upande wa ziwani. Sikuhitaji kuinua kichwa. Nilijua ni yule, na nilijua Mama Kahindo yuko pembeni yake. Barabara ilikuwa kavu, haikunyesha siku tano. Malori yote ya asubuhi yalikuwa yameniacha mweupe kama mtu wa unga. Nikanyoosha mgongo, nikaegemea jembe, nikangoja vumbi. Niseme kweli, nililitaka lile vumbi. Moja tu, nipate la kumsema.

Alishusha vitesi tangu mbali. Gari likapita barabarani, juu ya shamba, taratibu, nikaona kila jiwe dogo linavyogeuka chini ya tairi. Masika alinisalimia kwa kichwa. Hakutabasamu, hakugeuza uso. Akapita.

Vumbi halikuja.

Nikainama nikalima mistari mitatu bila kupumzika, kwa wivu mtupu, na mistari ile, Koko mwenyewe aliniambia siku ya kuvuna, haikupinda hata mmoja.